Unakaribia kustaafu? Panga SHA kabla pesilipu ya mwisho haijaingia

Kwa miaka yote uliyoajiriwa, kuna bili moja ambayo pengine hujawahi kuilipa kwa mkono wako: bima ya afya ya serikali. Zamani ilikuwa NHIF, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni SHA. Mwajiri anakata asilimia 2.75 ya mshahara wako wote, anaituma kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na wewe unaiona tu kwenye pesilipu. Wengi hata hatuiangalii.

Ukistaafu, mshahara unakoma na makato yanakoma pamoja nao. Na kama mwajiri alikuwa na bima nyingine ya ziada, mara nyingi hiyo pia inaishia hapo. Kuanzia siku hiyo mlipaji ni wewe.

Tuchukue mfano. Dereva wa kiwanda cha chai kule Kericho anapata shilingi 40,000 kwa mwezi, kwa hivyo SHA inakatwa shilingi 1,100. Anastaafu mwisho wa Juni. Makato yake ya mwisho yanatumwa Julai. Kiinua mgongo bado kinashughulikiwa, kwa hivyo anasema atapanga mambo ya SHA pesa zikitoka. Septemba mama wa nyumbani anazidiwa na presha, anakimbizwa hospitali ya kaunti na analazwa. Kwenye dirisha la malipo wanaambiwa bima haisomi. Mama alikuwa anatibiwa kupitia mchango wa mzee, na mchango wa mzee ulisimama. Kijana wao aliye Nairobi anajaribu kuwasaidia kwa simu, lakini nambari ya uthibitisho inatumwa kwa laini ya zamani ambayo mzee aliipoteza miaka miwili iliyopita.

Hapo ndipo ile hesabu ya "nitalipa nikiugua" inapoharibika. Mtu asiye na ajira halipi mwezi mmoja mmoja kama zamani za NHIF. Sheria inataka alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kabla ya kulipa lazima ajibu maswali ya kupima uwezo wa familia. Hayo yote unayafanya ukiwa umetulia nyumbani, au unayafanya ukiwa umesimama kwenye korido ya hospitali.

Kwa hivyo anza ukiwa bado kazini, miezi mitatu au minne kabla. Bonyeza *147# kwenye simu yako, ama uingie kwenye tovuti ya Afya Yangu. Angalia mambo mawili. Kwanza, je, nambari ya simu iliyosajiliwa ni yako, na laini bado iko mkononi? Kama ulisajiliwa kwa nambari ya ofisi au ya mtoto, ibadilishe sasa. Pili, je, mke au mume wako yuko kwenye orodha? Kuhama kutoka NHIF hadi SHA kulihitaji kujisajili upya, na kuna watu waliojisajili wao wenyewe wakasahau wenzao. Watoto wanakaa chini yako hadi miaka 21, au 25 kama bado wanasoma. Yule wa miaka 28 anayekaa nyumbani akitafuta kazi anahitaji SHA yake. Na wewe pia huwezi kuwekwa chini ya mtoto wako, hata kama ndiye anayekulipia.

Baada ya mshahara kukoma, nenda kwenye ile tathmini. Utaulizwa nyumba imejengwa kwa nini, maji mnatoa wapi, choo ni cha aina gani, mnapika na nini. Hapa wastaafu wengi wanashtuka. Ulijenga nyumba ya mawe kwa mkopo wa sacco ukiwa na mshahara. Sasa mshahara haupo lakini nyumba ipo, na kwa maswali kama hayo inaweza kukuonyesha una uwezo kuliko ulio nao. Jibu ukweli, na ukiona kiasi ulichopewa hakilingani na hali yako, nenda ofisi ya SHA uombe kipitiwe upya. Hilo nalo linakula siku, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza mapema.

Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Ukipimiwa 500 kwa mwezi, tayarisha 6,000. Ushauri wetu ni uweke pesa hizo kando kutoka kwa mishahara miwili au mitatu ya mwisho, usingoje kiinua mgongo. Kiinua mgongo huchelewa, na kikifika huwa kina wenyewe wengi. Kuna pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole unaokuruhusu kulipa kidogo kidogo, lakini usidhani kwamba kwa kuwa umeanza kulipa tayari bima inafanya kazi. Angalia hali yako kwenye *147# kwanza.

Wapo wanaosema ukifika 60 serikali inakulipia. Hapana. Labda wanachanganya na Inua Jamii, ambayo inaanza miaka 70, na hiyo ni posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi, si bima. Kitu ambacho ni bure kweli ni matibabu katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA, na hata hayo yanakutaka uwe umesajiliwa.

Kulipa kwenyewe ni rahisi. Nambari ya Paybill ni 200222 na akaunti ni nambari ya kitambulisho. Lakini kitambulisho cha nani? Kijana anayemlipia baba anajikuta ameandika nambari yake mwenyewe kwa mazoea, na pesa zinaingia kwa jina lake. Andika nambari ya mzazi kwenye karatasi kwanza, uisome mara mbili, ndipo uweke PIN. Usajili wa SHA haulipishwi, na hakuna afisa yeyote anayehitaji PIN yako. Akiiuliza, kata simu.

Ukishalipa, usifute ile meseji. Bonyeza *147# tena, uone kama hali yako imebadilika, na uandike tarehe ya kuisha kwa bima kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo mama pia ataiona.