Simbilisi wa Mtoto: Ale Nini, Awe na Uzito Gani?

Leo tutamzungumzia mnyama mdogo ambaye watoto wengine humfuga nyumbani: simbilisi, ambaye wengi humwita ginipigi. Hana mkia, masikio yake ni madogo, na akisikia mtu anamletea majani hupiga mlio wa "wii, wii". Huenda kwako yuko mmoja ndani ya sanduku nyuma ya nyumba.

Pengine unajiuliza, mnyama huyu anahusu nini afya ya jamaa yangu? Anahusu. Mtoto akifiwa na mnyama wake huumia sana, na mara nyingi kosa si kwamba mnyama alinyimwa chakula. Kosa ni kwamba alipewa kwa mapenzi chakula ambacho si chake. Tena, kuna jambo moja kubwa ambalo mwili wa simbilisi unafanana na mwili wa mtoto wako. Nitalifikia baadaye kidogo.

Tuanze na chakula. Mtoto humgawia simbilisi kile anachokula yeye: ugali, mkate, wali, biskuti. Simbilisi anakula, ananenepa, nasi tunasema, "Tazama alivyo na afya!" Hapo ndipo tunapokosea. Asili ya mnyama huyu ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, katika nchi kama Peru na Bolivia, na tumbo lake limeumbwa kusaga nyasi mchana na usiku. Meno yake nayo hayaachi kukua maisha yake yote. Kutafuna nyasi ndiko kunakoyasugua yasirefuke kupita kiasi. Anayekula ugali na mkate bila nyasi huota meno marefu yanayomchoma ulimi na mashavu, kisha hukonda huku chakula kiko mbele yake.

Kwa hiyo, mama, shika hili: sehemu kubwa ya chakula cha simbilisi ni nyasi, na ziwepo wakati wote. Hapa Kisii na Nyamira Mungu ametujalia mvua karibu mwaka mzima, na nyasi hatununui. Mpe nyasi changa, au zianike juani zikauke vizuri kisha uziweke mahali pakavu. Zikiota ukungu, zitupe. Usikate nyasi mahali palipopuliziwa dawa ya magugu, wala kando ya barabara kuu.

Pamoja na nyasi, mpe kila siku mboga za majani kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Dania ni nzuri. Sukuma wiki pia, lakini si kila siku, kwa sababu ina madini ya kalisi ambayo yakizidi huweza kufanya mawe kwenye kibofu chake. Karoti na matunda yana sukari, basi kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki kinatosha. Maji safi yabadilishwe kila siku.

Sasa lile jambo tunalofanana naye. Sungura, mbuzi na ng'ombe hujitengenezea vitamini C mwilini. Binadamu hawezi, na simbilisi hawezi. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka peke yake, nao wakapata kiseyeye, ule ugonjwa uliowaua mabaharia wengi zamani. Kazi yao ilisaidia kufungua njia ya kugunduliwa kwa vitamini C.

Kwa hiyo simbilisi asiyepata majani mabichi huanza kuugua baada ya wiki chache tu. Manyoya husimama ovyo, viungo huvimba, hataki kutembea, hulia akishikwa, na fizi huweza kutoka damu. Mahitaji yake ni miligramu 10 hadi 30 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, na mwenye mimba anahitaji kiwango cha juu. Robo ya pilipili hoho moja inatosha kwa siku. Chakula cha sungura cha dukani hakitoshi, kwa sababu sungura hahitaji kuongezewa vitamini hiyo.

Na mtoto wako je? Yeye naye hawezi kuishi kwa ugali na chai peke yake. Unapomkatia simbilisi hoho, mkatie mtoto pera au chungwa. Mboga zake usizichemshe mpaka zikapoteza rangi, kwani moto mwingi huharibu vitamini C.

Kuna vitu ambavyo simbilisi asipewe kabisa. Cha kwanza ni parachichi, tunda lake na majani yake. Najua kwetu maparachichi ni mengi hata yanaanguka chini, lakini kwake ni sumu. Asipewe pia majani ya viazi na ya nyanya, viazi vyenye rangi ya kijani, vitunguu, wala maharagwe mabichi.

Na hili nalo, mama, naomba ulisikilize vizuri. Simbilisi akiugua, usimpe dawa ya mtoto iliyobaki kwenye chupa. Amoksilini, dawa ambayo watoto wengi huandikiwa hospitalini, huua vijidudu vizuri vilivyo tumboni mwa simbilisi, na mnyama huweza kufa kwa siku chache. Na mtoto mwenyewe amalize dawa yake kama alivyoagizwa na daktari, isibaki.

Utajuaje kama uzito wake ni sawa? Usitumie macho, kwa sababu manyoya hudanganya. Tumia mizani. Simbilisi mchanga huzaliwa akiwa na gramu 60 hadi 120 hivi. Jike mzima huwa na gramu 700 hadi 900, na dume gramu 900 hadi 1,200. Mweke ndani ya kikapu, mpime, kisha toa uzito wa kikapu. Fanya hivyo kila wiki siku ile ile, na mtoto aandike kwenye daftari. Hiyo ni hesabu nzuri kwake.

Kisha mpapase mbavu. Ukizigusa kwa urahisi bila kubonyeza sana, yuko sawa. Zikichomoza, amekonda. Usipozipata kabisa, amenenepa kupita kiasi, na unene huo humletea vidonda vya nyayo na taabu wakati wa kuzaa. Jike akiongezeka uzito haraka, fikiria pia kwamba huenda ana mimba, ambayo huchukua siku 59 hadi 72.

Aliyenenepa asishindishwe njaa. Simbilisi akikaa bila kula, hata kwa siku moja, matumbo yake husimama na ini huharibika. Mwondolee ugali, mkate na matunda, mwachie nyasi tele, mpe nafasi ya kukimbia, naye atapungua polepole. Akipungua ghafla gramu 100, au akikataa kula, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mwisho ni usafi. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika, kwa maana anaweza kuwaambukiza choa na vijidudu vya kuharisha. Asikae jikoni. Moshi humdhuru mapafu, na kinyesi chake hakifai kuwa karibu na sufuria zako. Banda lake liwe kavu, lisiingie upepo wa baridi, hasa kwa walio sehemu za juu penye mashamba ya chai.

Mpenzi msikilizaji, leo jioni tazama ndani ya lile sanduku. Ukikuta ugali mkavu na hakuna nyasi, usimgombeze mtoto, kwani alitoa sehemu ya chakula chake mwenyewe. Mshike mkono, mwende pamoja mkakate nyasi.

Mambo ya kukumbuka:
1. Nyasi wakati wote, mboga kila siku, hoho kwa vitamini C.
2. Asipewe parachichi wala dawa ya binadamu.
3. Apimwe kila wiki kwa mizani.
4. Akikataa kula, ni dharura.
5. Mikono ioshwe kwa sabuni.