Kete Moja kwa Hatua Moja: Zawadi za Mchezo kwa Mtoto Mwenye ADHD

Mchumaji wa karafuu huko Wete hulipwa kwa pishi. Jioni karafuu hupimwa, naye hujua mara moja jasho lake limezaa nini. Masomo hayana mizani ya namna hiyo: mwanafunzi hujitahidi leo, na matokeo ya mtihani humfikia baada ya miezi kadhaa.

Watoto wengi huustahimili muda huo. Mwenye ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu na pupa, huustahimili kwa shida kubwa. Utafiti huihusisha hali hiyo na utendaji tofauti wa dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamasa na kujifunza kutokana na tuzo. Kwake, tuzo iliyo mbali hupoteza thamani upesi. Ndiyo maana mtoto asiyemaliza hesabu tatu huweza kucheza bao kutwa nzima: kila kete anayoila huonekana papo hapo. Kumwita mvivu ni kukosea chanzo, na bakora haimfundishi umakini.

Mzazi na mwalimu wanaweza kuazima kanuni ya mchezo. Wachague tendo moja au mawili yanayohesabika, kwa mfano kuandika sentensi 5 bila kuondoka kitini. Kila akikamilisha, apewe kete moja pale pale, pamoja na neno la sifa linalotaja alichofanya. Jioni kete zibadilishwe kwa jambo analolipenda: kuchagua hadithi, au muda wa ziada wa kandanda. Siku za mwanzo lengo liwe jepesi, ili aonje ushindi kabla ya kukata tamaa. Kete alizokwisha kuzipata zisinyang'anywe. Zawadi nazo zibadilishwe mara kwa mara, maana kilichozoeleka hakihamasishi.

Njia hii haiponyi ADHD, na manufaa yake hufifia ikiachwa ghafla. Hata mchezo wa kidijitali ulioidhinishwa nchini Marekani mwaka 2020 kwa watoto wenye ADHD wa miaka 8 hadi 12 ulikusudiwa kutumika pamoja na tiba nyingine, si badala yake.

Aidha, si kila mtoto mtundu ana ADHD. Dalili zake huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, huonekana nyumbani na skuli pia, na huathiri masomo au uhusiano na wenzake. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali akachunguzwe, ikiwa ni pamoja na usikivu na uoni wake, kwani asiyesikia vizuri naye huonekana kama asiyezingatia.