Jumuiya Ikikukosea, Uende Wapi?



Sisi wa Busia na Malaba tunaijua Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa miguu yetu. Mama anayevusha maharagwe au mayai kutoka Uganda hukutana na sheria zake pale mpakani kila siku ya soko. Lakini sheria hizo hutungwa mbali na sisi. Je, zikituumiza, mwananchi wa kawaida ana la kusema?

Ndiyo, analo. Mkataba wa Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Kifungu cha 8 kinasema kwamba katika mambo ya Jumuiya, sheria zake ziko juu ya sheria za nchi. Huo ni uwezo mkubwa! Kwa hivyo kifungu cha 30 kinamruhusu kila mkaazi, hata asiye na cheo, kwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kupinga sheria, amri au kitendo cha serikali au cha chombo cha Jumuiya kinachovunja Mkataba.

Je, imewahi kufaulu? Mwaka 2006 Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake walilalamika kwamba Kenya haikuwachagua ipasavyo wajumbe wake wa Bunge la Afrika Mashariki. Mwezi wa Novemba Mahakama ilizuia wajumbe hao wasitambuliwe. Machi 2007 ikaamua kwamba kweli Mkataba ulivunjwa. Lakini kabla ya hukumu, Desemba 2006, wakuu wa nchi walikuwa wameshabadilisha Mkataba haraka haraka: sasa kesi ipelekwe ndani ya miezi 2 tu. Mwaka 2008 Mahakama ilisema wananchi walipaswa kushirikishwa, lakini haikufuta mabadiliko hayo.

Basi tufanye nini?

1. Mzigo ukishikwa, uliza kwa heshima: ni kwa sheria gani? Andika jibu na tarehe.
2. Weka risiti na karatasi zote. Mali bila daftari hupotea bila habari.
3. Anza kwa afisa mkubwa wa pale mpakani, lakini usikae ukingoja huruma. Siku zinahesabiwa. Tafuteni wakili mapema, mkichanga kama kikundi.

Maswali ya kujadiliana:
Nani kikundini anatunza karatasi zetu? Mzigo ukishikwa leo, miezi 2 itaisha tarehe gani?