Kujifunza Viumbe vya Bahari Ufukoni

Vitabu vya viumbe vya bahari ni vyema, na sisi walimu hatuwezi kuvidharau. Lakini kitabu huonyesha kila mnyama peke yake, na hali baharini hakuna akaaye peke yake. Hayo huyajua yule aliyekwenda akatazama.

Kwanza, yapasa kuufuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, na maji katika pwani ya Unguja hushuka zaidi ya meta 3. Hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Basi tufike mapema, na maji yaanzapo kujaa turudi.

Pili, tunyoshe kamba kutoka alama ya maji kujaa hata mwambani. Kila hatua kumi tuweke chini mraba wa vijiti, meta 1 kila upande, tuhesabu vilivyomo na kuandika papo hapo. Juu, penye jua kali, twaona konokono wadogo waliojifunga ndani ya makome yao wasikauke. Chini yao wako chaza walioshika jiwe. Kisha majani ya bahari na majongoo ya pwani. Mwisho matumbawe, yasiyostahimili kukaa kavu. Kila kiumbe kina daraja yake, kwa kadiri kiwezavyo kuvumilia jua.

Tatu, turudi pale pale mwaka hata mwaka. Faida yake imeonekana Kenya. Wataalamu waliohesabu miambani huko waliona kwamba samaki aitwaye kikande akivuliwa mno, yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, ambaye ni chakula chake, huzidi sana, akayaguguna matumbawe hata mwamba ukachakaa, na samaki wakakosa makao. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, wenye miiba walikuwa wachache. Bila kuhesabu, nani angalidhani kwamba kikande ndiye mlinzi wa mwamba?

Tena tuwaulize wavuvi wazee na akina mama wachokoao pweza, maana wao wakumbuka yaliyokuwapo kabla ya daftari zetu.

Na kila jiwe tulilogeuza tulirudishe lilivyokuwa, kwa kuwa waishio chini yake hufa kwa jua. Bamvua halichelewi, kamba na vijiti viwe tayari.