Reale ya Mzinga na Herufi ya Mpima Fedha

Katika karne ya 19, watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua sarafu moja ya Hispania kwa jina la reale ya mzinga. Wahispania walichora juu yake nguzo mbili za Hercules, alama ya mlango wa bahari wa Gibraltar. Machoni pa wenyeji wa pwani nguzo hizo zilikuwa mizinga iliyosimamishwa wima. Askari wasomaji wetu hawatawalaumu.

Reale hizo za nane, zenye uzito wa gramu 27 hivi, zilipigwa katika makoloni ya Hispania: Mexico, na baadaye Potosí, mji wa milimani katika Bolivia ya leo, ambako fedha iligunduliwa mwaka 1545 na kuchimbwa na wenyeji walioshurutishwa. Sarafu za zamani zilikatwa kwa mkono na kugongwa kwa nyundo, hata asiyezijua huzidhania vipande vya bati vilivyokanyagwa na gari.

Mkusanyaji hodari hatishwi na umbo hilo. Yeye hutafuta herufi: P ni Potosí, na kando yake ipo herufi ya mpima fedha, ofisa aliyethibitisha kwamba madini ni halali. Herufi hiyo ilikuwa saini yake. Sarafu ikionekana mbovu, hata ng'ambo ya bahari, mwenye dhamana alijulikana.

Na mbovu zilionekana. Katika miaka ya 1640 reale za Potosí zilichanganywa shaba kupita kiasi, wafanyabiashara wa Ulaya wakazikataa. Mfalme Felipe wa Nne akamtuma mkaguzi, Francisco de Nestares Marín. Mkaguzi huyo alimfikia tajiri wa fedha Francisco Gómez de la Rocha pamoja na mpima fedha Felipe Ramírez de Arellano, na wote wawili wakauawa kwa hukumu. Sisi twaiona adhabu hiyo kuwa kali mno, ila upelelezi wenyewe wastahili heshima. Baadhi ya sarafu zilizopunguzwa thamani zilipigwa chapa ya pili yenye taji, na mwaka 1652 Potosí ikaanza kutoa sura mpya ya nguzo juu ya mawimbi. Leo chapa ile ya aibu hutafutwa sana na wakusanyaji.

Anayetaka kuanza awe na mizani. Achunguze ukingo: alama ya mshono huonyesha kwamba sarafu imemiminwa katika kalibu, nayo ni ya bandia. Asiing'arishe kamwe, kwani weusi wa kale ukiondoka, thamani huondoka nao. Sarafu za merikebu Nuestra Señora de Atocha, iliyozama karibu na Florida mwaka 1622 na shehena yake kuu kugunduliwa mwaka 1985, huuzwa pamoja na hati yenye picha. Hati nayo yaweza kughushiwa au kuhamishwa. Kwa hiyo picha ilinganishwe na sarafu iliyo mkononi, ufa kwa ufa.