Nani Hutunga Sera ya Elimu ya Juu?

Aghalabu watu hudhani kwamba sera ya elimu ya juu hutungwa na wizara na vyuo vikuu peke yao. Lakini vipo pia vikundi vya maslahi, yaani watu walioungana kutetea jambo linalowahusu: wanafunzi, wahadhiri, waajiri, madhehebu ya dini na wengineo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1944, iliyowasomesha askari waliotoka vitani, yaonyesha jinsi vikundi hivyo vifanyavyo kazi.

Sheria hiyo haikuanzia chuoni. Rasimu yake iliandikwa Desemba 1943 na wakili Harry Colmery kwa niaba ya American Legion, chama cha askari wa zamani kilichoundwa mwaka 1919. Chama hicho kilikuwa na matawi kote nchini, hata kila mbunge akasikia madai yake kutoka kwa wapiga kura wake mwenyewe. Juni 1944 mswada ulikwama katika kamati ya pamoja ya mabaraza mawili ya Bunge, kwa kuwa kura za Wawakilishi zilikuwa sawasawa. Chama kikamtafuta mjumbe John Gibson, aliyekuwa kwao Georgia, akapelekwa Washington kwa ndege, na kura yake ikaukwamua. Rais Roosevelt aliutia sahihi tarehe 22 Juni.

Wakuu wa vyuo mashuhuri, akiwemo Hutchins wa Chicago na Conant wa Harvard, walihofia kwamba kiwango cha elimu kingeshuka. Hofu hiyo haikuthibitika. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo walikuwa askari wa zamani, na Conant mwenyewe alikiri ubora wao. Jumla yao walifika kiasi cha milioni 2.2.

Hata hivyo, vikundi havina nguvu sawa. Sheria haikutaja rangi ya mtu, lakini utekelezaji wake uliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wenyeji wa kila mahali. Katika majimbo ya Kusini vyuo vya Wazungu viliwafungia Weusi milango, na vyuo vya Weusi vilikuwa vichache, vikafurika. Maelfu ya askari Weusi wakakosa nafasi waliyostahili kisheria.

Basi mwanafunzi asomapo sera ya elimu asiishie kwenye maneno yake. Aulize pia ni kikundi gani kilichoileta, na ni akina nani wasiokuwa na msemaji pale shauri lilipokatwa.