BOGA NALO LATAKA SAMADI

Wengi wetu hutupa mbegu za boga jalalani, kisha tukasahau. Mahindi tunayanunulia mbolea. Boga tunamwachia Mungu. Likizaa mara moja na kunyauka, twasema ardhi imechoka. Ukweli ni kwamba mmea huu unakula sana, nasi hatujaupa chakula.

Sisi tunaopima watoto kliniki tunajua hasara yake. Boga lenye nyama ya rangi ya chungwa humpatia mtoto vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia kushindana na maradhi. Majani yake yana madini ya chuma, na mbegu zikikaangwa zina mafuta na protini.

Kabla ya mvua, chimba mashimo yenye upana na kina cha sentimeta 45 hivi, yaachane mita 2. Changanya udongo wa juu na debe 1 la samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ya kuku ni kali zaidi. Nayo ioze kwanza, na nusu debe yatosha. Panda mbegu 3, kisha ubakize mche mmoja wenye nguvu.

Miche ikianza kutambaa, amua unataka nini. Kwa mboga ya majani, mmea unahitaji nitrojeni kila unapochumwa sana. Ongeza samadi iliyooza, au kijiko 1 cha chai cha mbolea ya CAN, ukiizungusha umbali wa shubiri moja kutoka shinani, udongo ukiwa umelowa.

Kwa maboga, acha mbolea hiyo maua yanapotokea. Ikizidi, mmea hurefuka na kujaa majani bila kuzaa. Sasa unahitaji potasi zaidi, nayo tunayo jikoni: nyunyiza konzi moja ya majivu ya kuni kuzunguka shina. Udongo wa magadi usitiwe majivu.

Njia rahisi ni kutenga mashina mawili ya kuchuma majani, na mengine yaachwe yazae.

Katika Luka 13, mtunza shamba aliomba mtini usiozaa usikatwe kwanza, bali uchimbiwe na kutiwa samadi. Nasi kabla ya kulaumu ardhi, tujiulize: mmea unaowalisha watoto wetu, tumeulisha nini?